Kasha la Ulysse

Katika bandari ya Anse-au-Sel, Nova Scotia, wiki ya mwisho ya Novemba ni wiki ya madema, ile mitego ya kambakoche. Madema yako barabarani, yako uani, yamepangwa mpaka mbele ya kanisa. Jumatatu asubuhi boti zote hutoka pamoja kwenda kuyamwaga baharini, na msimu wa kambakoche huanza. Anayechelewa hukuta miamba mizuri imeshachukuliwa. Familia yake itaishi kwa kubahatisha mpaka msimu uishe.

Ulysse wa Mandé alikuwa na boti, mke na binti. Boti iliitwa Ozélie, kama mke. Binti aliitwa Corinne, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na sita. Yeye ndiye aliyefanya kazi botini, kwa sababu hakuna mwanamume aliyeweza kumvumilia baba yake zaidi ya msimu mmoja.

Ijumaa ile Ozélie alikuwa jikoni akikuna viazi vya râpure, chakula cha kuoka cha viazi na nyama. Redio ya boti ilikuwa juu ya friji, kama ilivyo katika kila nyumba ya wavuvi. Akasikia sauti ya mumewe, na bandari nzima ikaisikia.

"Cyriaque wa Fidèle ni mwizi," Ulysse alisema. "Amenitolea nozeli nzima, akaniwekea mbovu. Msimpe injini zenu."

Ozélie akaweka kiazi chini. Cyriaque alikuwa fundi wa injini pale bandarini. Tena alikuwa binamu ya Ulysse. Walibatizwa siku moja.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Septemba Cyriaque alibadilisha nozeli za injini, yaani vile vimdomo vinavyopuliza dizeli ndani yake. Aliijaribu injini gatini, mbele ya Ulysse na Corinne. Ilinguruma vizuri, wakaridhika.

Wiki iliyofuata Ulysse akafanya kazi yake mwenyewe. Kelele za injini zilikuwa zimemla masikio. Nyumbani alizungumza kwa kupayuka. Kanisani alinong'ona mpaka padri akageuka. Ozélie akamwambia afanye jambo kabla hajawa kiziwi kabisa. Basi akaijengea injini kasha la mbao nene, akabandika sponji ndani, na kila ufa akauziba kwa gundi. Injini ikawa inasikika kama paka aliyelala. Ulysse alilionea fahari kasha lake. Aliwaita watu gatini waje kusikia jinsi wasivyosikia kitu.

Boti ikiwa tupu, ilikwenda. Lakini Ijumaa asubuhi walipakia nusu ya madema wakazunguka ghuba kidogo. Ulysse akasukuma wenzo wa mwendo mpaka mwisho. Sindano inayopima mizunguko ya injini, ambayo hufika elfu mbili kwa dakika, ikakwama kwenye elfu moja na mia nne. Moshi mweusi ukatoka. Ulysse akarudisha wenzo, akafungua kasha, akachungulia. Akaona kila kitu kiko sawa, na injini inanguruma vizuri. Hapo ndipo aliposhika redio.

Jumamosi walibadilisha filta za dizeli. Filta ya hewa walikuta ni safi. Maji yalipokupwa walishuka chini ya boti, wakaikagua propela. Haikuwa na kamba iliyojisokota wala jeraha. Mchana wakapakia madema yote mia tatu sabini na tano. Yakawa ukuta mrefu kuliko kibanda cha nahodha. Wakatoka tena. Safari hii sindano haikupita elfu moja na mia mbili, na moshi ulikuwa mzito kama wa tairi linaloungua.

Waliporudi, Ulysse alisema Jumatatu watakwenda hivyo hivyo, polepole.

"Sipandi," Corinne alisema.

"Unasemaje?"

"Umenisikia vizuri. Sipandi. Wimbi likitukuta ubavuni na injini haina nguvu ya kuigeuza boti, madema yale yatatupindua. Jirani yetu Théophane alikufa hivyo, kwenye mlango wa ghuba hii hii, sisi tukimwona."

"Basi nitatafuta mtu mwingine."

"Nani? Umeshawamaliza wote."

Ulysse akasema kama ni hivyo atakwenda peke yake. Ozélie alimwambia akienda hivyo asitegemee kukuta râpure mezani, wala mtu wa kumpakulia. Usiku ule walikula haraka haraka. Kila mmoja alikuwa na hasira, na hasira hazikuelekea mahali pamoja.

Jumapili, baada ya kanisa, Corinne alikwenda kwa Cyriaque. Fundi alimwacha amesimama mlangoni kwenye baridi.

"Mwizi hana la kukusaidia, binti," alisema. "Tangu juzi watu wawili wamekuja kuchukua injini zao karakanani kwangu. Hawakunitazama usoni."

"Ami, sikuja kumtetea baba. Kama ni kumtukana, ninayo ya kwangu ya kutosha. Nimekuja kwa sababu kesho atapanda peke yake."

Cyriaque akamwashiria aingie ndani. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti kavu. Moshi ni wa rangi gani? Mweusi. Boti ikiwa tupu unatoka? Hautoki. Filta je, na propela? Corinne akamweleza yote.

"Mnapotaka kuitazama injini, mnafanya nini kwanza?"

"Baba anapunguza mwendo. Halafu anafungua kasha."

"Kila mara?"

"Kila mara. Utaionaje bila kufungua?"

"Kasha gani?" Cyriaque aliuliza. "Mimi niliiacha uchi."

Corinne akamwambia habari za kasha. Fundi akachukua koti lake, akatangulia kwenda gatini.

Ulysse alipomwona akipanda botini, aliuma meno. Lakini Corinne alikuwa ameshafungua kamba. Wakatoka na madema yote juu. Wazee wale wawili hawakusemeshana. Walipitisha maneno kwa Corinne, ingawa walisimama hatua mbili tu.

"Mwambie baba yako asukume wenzo mpaka mwisho, asiuguse tena."

"Mwambie fundi wako nimesikia."

Injini ikalemewa. Sindano ikakwama pale pale. Moshi mweusi ukatanda nyuma yao. Ulysse alitaka kurudisha wenzo kama kawaida yake, Cyriaque akasema hapana. Akamwagiza Corinne avue skafu, afunge nywele, abane mikono ya koti. Mikanda ya injini ikidaka nguo, haiachi mpaka ivunje mkono. Kisha Cyriaque na Corinne wakashika kila mmoja upande wake wa kifuniko cha kasha.

"Inua."

Kelele zikajaa kibandani. Sindano ikatikisika, ikaanza kupanda. Elfu moja na mia tano. Elfu moja na mia nane. Ikafika karibu na elfu mbili. Moshi ukawa kijivu, kisha ukakatika. Boti ikainua pua.

"Funga."

Sindano ikaanguka, moshi ukarudi.

"Inua."

Mara hii Ulysse hakuitazama sindano tena. Alikuwa analitazama kasha.

Walipofunga boti gatini na kuzima injini, Cyriaque alimgeukia yeye mwenyewe.

"Mtu aliyekaa kitako hahitaji hewa nyingi," alisema. "Mtwishe gunia apande mlima, utaona anavyoachama mdomo. Injini ni hivyo hivyo. Wewe umeitwika madema mia tatu sabini na tano, halafu umeifunga uso kwa godoro. Dizeli inaingia, hewa haitoshi, kwa hiyo dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua ndiyo moshi wako mweusi. Nozeli zangu ni nzima."

Corinne aliuliza kwa nini hawakuuona ubaya huo tangu mwanzo.

"Gatini haikuwa na mzigo. Na kila mlipotaka kuitazama, mlipunguza mwendo mkafungua kasha. Mlikuwa mnamponya mgonjwa kabla ya kumpima. Injini inayosumbua chini ya mzigo ipimwe ikiwa chini ya mzigo, na kila kitu kiwe kama kilivyo siku ya kazi."

Akamweleza Corinne aanzie wapi siku nyingine. Moshi ukiwa mweusi, atazame hewa kwanza: filta, na njia yote hewa inakopita. Kisha atazame propela na uzito wa shehena. Nozeli ziwe za mwisho. Nguvu zikipungua bila moshi, basi huenda dizeli ndiyo haifiki. Hapo akague filta zake na mabomba. Na kila mara ajiulize ni kitu gani kimebadilishwa tangu siku injini ilipokuwa nzima.

Ulysse hakungoja zaidi. Alichukua msumeno, akalivamia kasha kana kwamba ndilo lililomtukana. Cyriaque akamshika mkono. Alisema kutaka utulivu si kosa, na masikio ni masikio, lakini injini ipewe pumzi zake. Wakafungua kitabu cha injini na kusoma matundu yawe makubwa kiasi gani. Wakatoboa pande zote mbili. Ndani ya kila tundu wakaweka kibao chenye sponji, kwa nafasi pana, ili hewa ipite na kelele zigonge sponji zipungue. Wakaijaribu tena ghubani, kifuniko kimefungwa, kwa mzigo wote. Sindano ikapanda hadi karibu na elfu mbili. Kelele zilirudi, ila si zote. Zilizobaki, Cyriaque alisema, azivalie vile vizibo vya masikio vya wakata miti.

Ulysse alijikuna shingo. Akasema kwa chini kwamba pengine Ijumaa alisema kupita kiasi.

"Hukuniita mwizi humu botini," Cyriaque alijibu. "Uliniita redioni." Akashuka.

Jumatatu asubuhi boti zilijipanga kwenye mlango wa ghuba. Corinne alisimama nyuma, dema la kwanza mkononi. Jikoni, Ozélie aliongeza sauti ya redio.

"Ulysse wa Mandé hapa. Ijumaa nilisema Cyriaque wa Fidèle ni mwizi. Ilikuwa uongo. Kazi yake ni safi. Injini niliinyonga mwenyewe, kwa kasha lile nililowaita mje kulisikiliza. Aliyejenga kama langu, alitoboe."

Redio ikakwaruza. Kisha mtu akajibu, na Ozélie akaitambua sauti. Ilitoka karakanani.

"Hatukusikii, Ulysse. Rudia."

Boti arobaini zilisubiri. Ulysse akavuta pumzi, akarudia neno kwa neno, kwa kupayuka, kama anavyozungumza nyumbani. Halafu akaning'iniza redio, akavaa vizibo vyake, akasukuma wenzo mpaka mwisho.

Corinne akatazama nyuma ya boti. Palikuwa na povu jeupe tu.