Ngozi Isiyo na Alama ya Kisu

Muuza nyama alileta ngozi sita za mbuzi, lakini Mama Ngozi alipozitandaza uani akakuta ziko saba. Akazipitia tena kwa kidole, akacheka peke yake. Leo yule mchoyo kajisahau.

Ile ya saba haikuwa na alama ya kisu. Ngozi yoyote hupasuliwa tumboni ndipo ivuliwe. Hii ilikuwa nzima kama soksi, haina tundu, haina kovu la mwiba wala la kupe. Tena ilikuwa na uvuguvugu. Mtu mwingine angeiogopa, lakini Mama Ngozi, aliyelea watoto wanne kwa kukwangua manyoya kwenye ua uleule, aliitamani. Akaipasua mwenyewe toka kooni hadi tumboni, akaitandaza, akaipaka chumvi.

Nyumbani alibaki na kitinda mimba wake, binti aliyekwisha kukua, waliyemwita Chiriku kwa domo lake. Chiriku ndiye aliyezoea kumwambia mama yake kwamba harufu yake hufika sokoni kabla yake, waanze kumpimia vitu mapema. Siku ile alikuja uani kashika kifua, hana utani. Mstari mwekundu ulikuwa umemtoka, kuanzia kooni hadi kitovuni. Mama yake akamwambia aache kujikuna kama paka. Hadi jioni binti alikuwa amemaliza mtungi mzima wa maji, na midomo bado imempasuka kwa kiu.

Siku ya tatu Mama Ngozi aliizamisha ngozi kwenye pipa la maji ya majivu, yale yanayolegeza manyoya. Asubuhi yake Chiriku akatoka chumbani na mto mikononi. Nywele zake zote zilikuwa juu ya mto.

"Mama," alisema taratibu, "unanifanya nini?"

Ndipo mama mtu alipoelewa. Akaitoa ngozi pipani, akaisuuza, akalimwaga pipa lote, akaitundika kivulini na kuapa hataigusa tena. Lakini ngozi haikubali kuachwa njiani. Ukiianza uimalize, la sivyo inaoza. Siku mbili hazikupita, harufu ya uozo ikaanza, naye akanusa ile ngozi, akanusa pipa, akanusa mikono yake mwenyewe, kisha akaifuata harufu mpaka kitandani kwa mwanawe.

Mganga aliyeitwa, mwanamke mzee mwenye sauti ya mafua, alifika mlango wa uani akakataa kuuvuka. Alinong'ona hapohapo kwamba kuna jini alivua koti lake akaoge, na koti lenyewe ndilo lile. Sasa limefungamana na binti. Lolote analotendewa koti, binti analipata.

"Nimrudishie basi, mama yangu," Mama Ngozi alimsihi. "Nimrudishie leo."

"Umelipasua, bibie. Lishone. Lilainishe kwa mafuta na mikono, usikwangue. Likikauka litundike, ugeuze uso."

"Asiporidhika?"

Mganga alikwisha kugeuka kwenda zake. "Atabadilishana nawe," alisema bila kutazama nyuma.

Mama Ngozi akashona kwa uzi mwembamba kuliko wote alionao, na kila sindano ilipoingia Chiriku aliguna kule ndani, na kila alipoguna mama alimwomba radhi kwa sauti, kisha akasugua mafuta, akasugua mpaka vidole vikavimba, siku ile na ya pili yake, mpaka ngozi ikawa laini kama sikio la mtoto, akaitundika ukutani jua likiwa utosini, akageuza uso.

Alipogeuka tena, ukuta ulikuwa mtupu. Ndani mtu alikuwa anapangusa vyombo. Chiriku alisimama wima, nywele mabegani, ngozi inang'aa, na Mama Ngozi akamkumbatia akilia, akamshukuru Mungu, akamwinua kidevu ili abusu lile kovu dogo kama punje ya mchele, pale kisu chake cha kukwangulia kilipomteleza, mtoto akiwa bado anatambaa.

Kidevu kilikuwa nyororo. Shingoni hapakuwa na mstari.

"Mbona unatetemeka?" aliuliza Chiriku, bila utani wake wowote.

Mama Ngozi akarudi kinyumenyume mpaka uani, na pipa alilolimwaga kwa mikono yake akalikuta limejaa maji ya majivu hadi mdomoni, akatia mkono ingawa kila kiungo chake kilikataa, ukazama hadi begani, ukagusa kitu laini chenye uvuguvugu, akaupitisha pembeni polepole, akikisia, akiomba asilikute lile kovu, mpaka kidole chake kikakwama kwenye punje moja ya mchele.

"Mama, njoo tule," iliita sauti kutoka ndani.

Aliitoa ngozi hiyo taratibu, akaipakata mapajani kama anayemtoa mtoto majini, akachovya vidole kwenye mafuta, akaanza kusugua. Ngozi haikubali kuachwa njiani.