Macho Marefu

Asubuhi za mji wa Tainan, Taiwan, ni supu ya nyama ya ng'ombe, na kibanda cha pembeni mwa soko kilikuwa kimefurika. Hui-Ju, gauni la kitani la bluu, miwani mizito kama vitako vya chupa, aliinamia meza. Mvuke ukamfunika macho. Akachota kijiko, akanywa.

"Dada, hilo bakuli langu," mwanamume akacheka. "Lakini endelea tu, nami nimeshakunywa nusu ya lako."

Walipofuta miwani wakatazamana.

"Lenzi zako za kuonea mbali zina digrii ngapi?" akauliza yule mwanamume.

"Mia tisa."

"Mtoto mdogo wewe! Mimi elfu moja na mia moja."

Aliitwa Bo-Kai, fundi wa piano. Tangu siku ile simu zao hazikukatika.

Siku Hui-Ju alipokwenda kubadilisha lenzi, mwenye duka la miwani alimwambia aende hospitali akapimwe macho. Mashine ikatoa picha ya mshipa wa fahamu wa jicho, ukingo wote mwekundu, rangi ya hatari. Daktari wa zamu akasema, "Tunashuku glakoma, ugonjwa unaoua mshipa huu na kupofusha. Mwone Daktari Tsai kwa vipimo zaidi." Neno "tunashuku" halikumwingia Hui-Ju, alisikia upofu tu. Alikuwa akitarizi mapazia ya mahekalu, na bila macho hakuwa na kazi. Tena hakutaka Bo-Kai aje kumshika mkono kipofu. Akampigia simu.

"Usinisubiri tena."

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Hujakosa. Tafuta mwingine."

"Aa! Kumbe kuna mwanamume!"

Hui-Ju akakata simu, akalia.

Wivu ukamtafuna Bo-Kai hata akaibuka karakanani kwa Hui-Ju, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa.

"Nitajie jina la huyo bwana!"

"Glakoma!" Hui-Ju akamtupia ile picha. "Haya, nenda kapigane naye."

Bo-Kai akaitazama. Akafungua simu yake, akamwonyesha picha nyingine, nyekundu kuliko ile.

"Huyu bwana mimi namjua miaka mitano. Nilikuficha. Niliogopa utanikimbia."

"Mbona unaona?"

"Macho yetu yasiyoona mbali yamerefuka kwenda nyuma, mshipa umevutwa ukalala upande. Mashine inatulinganisha na macho ya watu wa kawaida, ndiyo maana inatoa nyekundu. Huenda ni ugonjwa, huenda ni umbile tu. Haitajulikana mpaka ulinganishwe na wewe mwenyewe, leo na baadaye."

"Miaka mitano, mnafiki we!" Hui-Ju akampiga kwa kitambaa, kisha akamwangukia kifuani.

Daktari Tsai akampima Hui-Ju presha ya macho, akamketisha mbele ya vitaa abonyeze kitufe kila anapoona kimoja. Miezi sita baadaye akarudia yote, akaziweka picha bega kwa bega.

"Mshipa haujabadilika. Siapi kwamba huna glakoma, ila leo huhitaji dawa. Usikose miadi; ikianza, tutaiwahi."

Kesho yake wakarudi kibandani.

"Miadi yangu nimeihamisha," Bo-Kai akasema. "Iwe siku moja na yako."

"Ile ijayo?"

"Zote, Hui-Ju. Mpaka tuzeeke. Unanikubali?"

Mvuke ulikuwa umewafunika macho wote wawili. Hui-Ju akapapasa juu ya meza mpaka akaupata mkono wa Bo-Kai, akaukamata.

"Nakubali. Sasa rudisha bakuli langu."