Mkaja wa Mwanaheri

Haya yote ni kweli tupu. Wallahi sijaongeza neno. Mimi mzee Hamza, mstaafu wa reli, niliyaona kwa macho yangu mawili.

Mwanaheri ni jirani yangu. Anauza vitenge sokoni, hapa Morogoro mjini. Alikuwa mnene sana. Akipanda bajaji, tairi la mbele lilipaa na dereva akabaki anatazama vilele vya Uluguru. Alikuwa na kisukari. Magoti yalimuuma. Madaktari wa Dar es Salaam wakamfanyia upasuaji. Walipita kwenye matundu madogo tumboni, wakapunguza mfuko wa chakula.

Akarudi nyumbani na dawa na maelekezo. Nyuma yake akafika shangazi yake, Bi Chausiku, kutoka kijiji cha Kinole. Alikuja na kapu la pilipili manga, jogoo wa supu, na kitambaa kirefu cha kufunga tumbo la mzazi. Kitambaa hicho huitwa mkaja.

"Shangazi, mimi sikujifungua," alisema Mwanaheri.

"Umepasuliwa, hukupasuliwa?"

"Nimepasuliwa."

"Kichwani au tumboni?"

"Tumboni."

"Basi lala chali nikufunge. Nimefunga nusu ya wanawake wa Kinole, hakuna aliyebisha."

Hashimu, mume wa Mwanaheri, alijaribu kusema kitu. Bi Chausiku alimtazama. Hashimu akatoka kwenda kuchanja kuni, ingawa nyumba ile inapikia gesi.

Mwanaheri akafungwa mkaja mpaka akawa anahema juu juu. Akakandwa kwa maji ya moto. Akaletewa bakuli la uji mzito wenye pilipili manga. Alikunywa nusu, akatapika. Maumivu yakaongezeka. Hata bega likaanza kuuma.

"Bega?" Bi Chausiku alishtuka. "Wamekupasua tumbo, bega linauma nini? Hiyo husuda ya sokoni. Usiinuke kitandani."

Mimi nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta analia kimya kimya.

"Babu Hamza, nadhani mshono umeachia huko ndani. Watanifungua tena."

Nikatoa mfukoni vidonge vyangu vya magoti. Ni vikali sana. Niliwahi kumpa punda mzee kule Mgeta, akapanda mlima anaimba. Nikamwekea Mwanaheri viwili kiganjani.

Hapo akaingia nesi Felista, anayekaa nyumba ya pili.

"Usimeze!" alisema. Kisha akageuka. "Shikamoo, mama. Shikamoo, babu."

"Marahaba," tukajibu, mimi kwa sauti ndogo.

Felista alivichukua vile vidonge na kuvisoma. "Dawa za namna hii zinaweza kuleta vidonda kwenye mfuko wa chakula. Mfuko wake sasa ni mdogo na una mshono mbichi. Atumie dawa alizoandikiwa tu, kwa saa zake. Asingoje maumivu yawe makali ndipo ameze. Zikishindwa, tumpigie daktari. Hatuazimi dawa ya jirani."

Akaulegeza mkaja. Mwanaheri akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Felista akapima joto na mapigo ya moyo. Akatazama vidonda, akamwuliza kama vigimbi vya miguu vinauma au vimevimba.

"Kwa sasa sioni dalili mbaya," alisema. "Lakini ukipata homa, moyo ukienda mbio, ukikosa pumzi, tumbo likizidi kuuma, mguu ukivimba, kidonda kikitoa usaha, au ukitapika bila kukoma, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Na leo hii tutampigia daktari wako kumweleza kwamba umetapika."

"Na bega?" aliuliza Bi Chausiku. "Eleza bega."

"Wakati wa upasuaji wanajaza hewa tumboni ili waone vizuri, mama. Inayobaki huuma mabegani. Inaondoka taratibu, na kutembea kunasaidia. Kutembea kunazuia damu isigande miguuni pia."

"Mgonjwa atembee?"

"Hatua chache ndani ya nyumba, mara nyingi kwa siku. Akitaka kukohoa au kuinuka, akumbatie mto tumboni. Vidonda vikae vikavu, visikandwe. Na kwa sasa ni vinywaji vyepesi tu, kidogo kidogo. Akisikia amejaa, aache."

Bi Chausiku akautazama mkaja, akautazama uji. "Kwa hiyo mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kazi ngumu kuliko zote, mama. Kuwazuia wageni na machupa yao ya supu."

Kazi hiyo aliiweza. Shemeji wa Hashimu alileta mtori wa ndizi na nyama, akaula mwenyewe barazani. Supu ya jogoo ilichujwa, na Mwanaheri akaruhusiwa kuinywa kwa kikombe cha kahawa, funda moja moja, shangazi akisimamia. Kisha shangazi alimshika mkono wakazunguka sebule.

"Inuka, mwanangu. Kumbatia mto. Twende tukamwone Hashimu na kuni zake."

Daktari alipompima tena, alisema mshono unapona vizuri. Maumivu yalipungua. Vyakula vilirudi kwa zamu: vya majimaji, vya kupondwa, kisha vya kawaida, kidogo na kwa kutafuna sana. Vitamini anameza mpaka leo. Kisukari kimeshuka. Na asubuhi moja Mwanaheri alipanda mpaka Morningside, kule juu mlimani, bila kupumzika, nami nikiwa mbele yake namwonyesha njia.

Nilipofika hapo kuandika, Mwanaheri alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Babu! Morningside mimi na wewe tumekwenda lini?"

"Nilikuwa namalizia hadithi, mjukuu wangu."

"Basi utaimalizia kwa miguu. Vaa viatu."

Tumeondoka alfajiri. Hivi sasa nimekaa kwenye jiwe, bado chini sana, magoti yanalalamika. Mwanaheri ameshapita kona ya juu. Namsikia ananiita, na sauti yake haihemi.