Sijambo ya Gwilym Baruti

Kila Jumapili, baada ya ibada, Mair alimwingiza mumewe garini. Kwanza aliupanga mguu wa kushoto, maana mguu huo hausikii kitu. Kisha kiti cha magurudumu kilipandishwa nyuma kwa mashine. Halafu walivuka mlima kwenda makao ya wazee, kumwona mama yake Gwilym. Bibi huyo alikuwa amesahau majina ya watu wote. Alichobaki nacho ni sauti ya mwanawe tu, aliyemwimbia kila wiki.

Gwilym alikuwa mlipua baruti katika machimbo ya mawe ya kuezekea. Kijijini kwao, huko Wales, nusu ya watu ni akina Jones, kwa hiyo kila mtu huitwa kwa kazi yake. Yeye akaitwa Gwilym Baruti. Siku moja jabali lilimwangukia na kumvunja mgongo. Kazi ikaisha, jina likabaki. Tangu hapo serikali ilimlipa ruzuku ya ulemavu. Hata gari lile walilikodi kwa ruzuku hiyo.

Asubuhi moja ya Machi, bahasha ya kahawia ilianguka mlangoni. Mair alizichukia bahasha za rangi hiyo, maana zilitoka serikalini. Aliifungua na kuisoma akiwa amesimama.

"Wanasemaje?" Gwilym aliuliza, mkate ungali mdomoni.

"Wamesimamisha ruzuku yako. Eti hukwenda kupimwa ulemavu wako, na huna sababu ya kutosha. Na gari itabidi lirudishwe."

Gwilym akaacha kutafuna. "Gari? Na Mama je?"

Mair aliisoma barua tena tangu mwanzo.

Ni kweli, Gwilym hakwenda kupimwa. Asubuhi ya siku ile maumivu yalimshika mpaka akatapika. Hakuweza hata kuketi kitandani. Mair alipiga simu ofisini. Muziki ulipigwa, ukapigwa, kisha simu ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Basi akaiacha, akaenda kumshikia mumewe ndoo.

Baadaye ofisi ilipiga simu kuuliza sababu. Gwilym akapokea mwenyewe. "Aa, sikujisikia vizuri kidogo tu," alisema. "Sasa sijambo, asante. Samahani kwa usumbufu."

Mair alikuwa jikoni akikata liki, mboga ya jamii ya vitunguu, kwa ajili ya supu. Alisikia kila neno, na hakuona kosa lolote. Kijiji kile ndivyo kilivyo. Aliyekatwa mguu atakuambia amejikwaa. Kulalamika ni aibu zaidi kuliko kuiba. Sisi Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angewaambia?

"Tusiwasumbue watu," Gwilym alisema sasa. "Wakubwa wameshaamua."

"Wakubwa gani! Mama yako atakaa dirishani akikungoja, na wewe unaona haya kusumbua watu?"

Mair akavaa koti, akatoka.

Jirani yao, Nerys, aliitwa Nerys Posta. Posta yenyewe ilifungwa zamani. Siku hizi alikuwa akiwashauri watu kuhusu ruzuku katika chumba cha nyuma cha kanisa. Alimpa Mair chai, akaisoma barua mara mbili.

"Usilie kwanza," alisema. "Huu si uamuzi wa mwisho. Mna mwezi mmoja, tangu tarehe iliyo juu ya barua, kuomba waangalie upya. Wakikataa, mnakata rufaa kwenye baraza. Baraza ni huru, haliko chini ya ofisi hiyo."

"Na tukichelewa?"

"Mtaomba hata hivyo, mkieleza kwa nini mmechelewa. Lakini msichelewe. Haya, siku ile ilikuwaje?"

Mair akasimulia yote. Nerys akaweka kikombe chini.

"Alitapika? Na wewe ulipiga simu mara mbili? Mbona hayo hayamo? Humu wameandika hakujisikia vizuri kidogo."

"Ndivyo alivyowaambia," Mair alisema kwa haya. "Tumelelewa hivyo."

"Hata mimi. Lakini mtu wa ofisini hamwoni Gwilym kitandani. Anayo maneno yake tu. Mkimwambia kidogo, ataandika kidogo."

Wakaanza kazi. Simu ya Mair ilikuwa bado na kumbukumbu za simu mbili za asubuhi ile. Daktari aliyemwongezea Gwilym dawa kesho yake akakubali kuandika barua. Nerys aliwasaidia kueleza kila kitu waziwazi, na kuomba Gwilym apimwe nyumbani. Walibaki na nakala, wakatuma kwa rejista kutoka posta ya mjini. Wenye gari nao walielezwa kwamba uamuzi unapingwa, wakaombwa wasubiri.

"Jambo la mwisho," Nerys alisema. "Siku ya kupimwa, akijibu sijambo, mkanyage mguu."

"Mguu upi?"

"Wa kulia. Wa kushoto utajisumbua bure!"

Mair akacheka, mara ya kwanza tangu barua ile ifike.

Kisha wakangoja. Kungoja huko kuliwala roho. Kila mlango ulipogongwa, Mair alishtuka. Gwilym alikaa dirishani, akilitazama gari kana kwamba litaondoka lenyewe. Jumapili alimwimbia mama yake wimbo mmoja zaidi, asijue kama atamwimbia tena.

Hatimaye ofisi ikapiga simu. Sababu yao imekubaliwa. Malipo yataendelea kwa sasa, na muuguzi atakuja kumpima nyumbani.

Muuguzi alikuwa kijana mpole. "Hujambo, Bwana Jones?"

Gwilym akatabasamu. "Sija..."

Mair akamkanyaga. Gwilym alikohoa, akainamisha kichwa. Mair akaogopa kwamba yote yameharibika.

"Hapana," Gwilym alisema mwishowe. "Leo ni siku mbaya. Jana pia."

Akaeleza. Hawezi kuvaa soksi. Hawezi kujiosha mgongo. Mara nyingi hulala kwenye kiti sebuleni.

"Kwa ajili ya raga kwenye televisheni," Mair alidakia.

"Sitazami raga, mke wangu. Nikigeuka kitandani napiga kelele kwa maumivu. Sikutaka kukuamsha."

Mair alimtazama mumewe. Miaka yote ile alikuwa akimgombeza kwa raga. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni, wala hakujali.

Barua nyingine ikaja. Ruzuku imethibitishwa, pamoja na malipo yaliyokuwa yamesimamishwa. Gari linabaki.

Jumapili iliyofuata walivuka mlima. Maumivu yalikuwa makali, na Gwilym alijiuma midomo kila kona. Bibi alikuwa dirishani. Aliisikia sauti ya mwanawe mlangoni, uso wake ukafunguka.

"Hujambo, mwanangu?"

Gwilym akamtazama Mair. Mair akaurudisha mguu wake chini ya kiti.

"Sijambo, Mama," alisema Gwilym. "Sijambo kabisa."