Aliyeshika Taa

Nidhal aliitwa na rafiki yake, akageuka ghafla, na bomba refu la plastiki alilobeba begani likageuka naye. Lilipiga kikombe cha msichana aliyekuwa nyuma, kahawa yote ikaishia kwenye shati lake jeupe.

“Kaka! Unatembea na bomba la maji chuoni?”

“Nisamehe, dada. Ndani ni bango la utafiti wangu. Ingawa kweli linahusu maji.”

“Basi yangenimwagikia maji, ningekauka!”

Ilikuwa siku ya ajira kwa wanafunzi wa uzamivu wa Tunis. Korido ilijaa suti za kuazima na nyuso zenye usingizi. Nidhal alivua skafu yake nyekundu, iliyofumwa na bibi yake kule Gabès, akampa. Msichana akaizungusha shingoni, ncha zikafunika doa.

“Naonekanaje?”

“Kama mtu aliyeajiriwa tayari.”

Alicheka, cheko la mtu ambaye hajacheka muda mrefu. Aliitwa Olfa. Tasnifu yake, kuhusu rangi za kale za mazulia ya Kairouan, alikuwa ameshaitetea, vigelegele vikapigwa, peremende zikagawiwa kwa majirani. Kazi haikuja. Mama yake alianza kwa kumuuliza kila jioni, kisha akaacha kuuliza, na kule kuacha ndiko kulikomchosha Olfa zaidi.

Wote wawili walijiandikisha kwenye warsha ya Madam Saloua, aliyewafundisha kuingia kwenye usaili, kukaa, kujieleza kwa dakika chache bila kutaja neno ambalo bibi wa mtu hawezi kulielewa. Walifanya mazoezi pamoja kwenye kibanda cha supu ya lablabi nyuma ya chuo, juu ya mabakuli ya dengu na mkate wa jana, wakipokezana kuwa mwajiri. Mwajiri alimaliza kila mara kwa maneno yaleyale: “Asante, tutakupigia.” Baadaye wakawa wanaagana hivyo hata kwenye simu.

“Umekula, ini langu?” aliuliza Nidhal, kwa neno la mapenzi la nyumbani.

“Nimekula. Wewe umeandika?”

“Nimefuta zaidi ya nilichoandika.”

“Ndiyo kuandika kwenyewe huko. Lala. Asante, tutakupigia.”

Siku ya zoezi la mwisho, Madam Saloua alimweka Nidhal mbele ya darasa, akamkalisha Olfa upande wa jopo. Olfa aliuliza maswali vizuri, hadi akafika lile ambalo Madam alilisisitiza.

“Bwana Nidhal, kuna kitu au mtu anayekufunga Tunis?”

“Hapana, madam,” Nidhal alijibu papo hapo, tabasamu limetulia. “Sina mtu. Naweza kuondoka hata kesho.”

“Safi kabisa!” Madam Saloua alipiga makofi. “Mmesikia? Waajiri wa nje wanaogopa mtu mwenye mizizi. Jibuni hivyo.”

Darasa likapiga makofi. Olfa naye alipiga. Kisha akaacha kupokea simu.

Alipopokea hatimaye, sauti yake ilikuwa chini.

“Lilikuwa zoezi, Olfa! Si ndivyo tulivyofundishwa?”

“Najua lilikuwa zoezi.”

“Sasa?”

“Majibu mengine yote ulijikwaa, Nidhal. Hata jina la msimamizi wako ulijikwaa. Lile tu lilitoka laini.”

“Kwa sababu ni uongo! Uongo niliukariri. Ukweli ndio unanitia kigugumizi.”

“Nimechoka,” alisema Olfa. “Sina nguvu ya kupima lipi ni lipi.” Akakata, bila kusema watampigia.

Usaili wa kweli ukafika, wa kazi ya utafiti kwenye chuo kimoja cha Ubelgiji, kwa njia ya video. Nidhal aliomba chumba cha semina, akakuta taa za dari hazifanyi kazi na mvua imefunga anga. Uso wake kwenye kompyuta ulikuwa kivuli. Alikuwa anavuta meza karibu na dirisha mlango ulipofunguliwa. Olfa aliingia na taa ya mezani mkononi, skafu nyekundu shingoni, macho yamevimba.

“Niliahidi kukusaidia siku hii, na taa za chumba hiki nazijua,” alisema. “Usinisemeshe. Kaa.”

Waya ulikuwa mfupi, taa haikufika mezani. Olfa akasimama nyuma ya kompyuta, akaishika juu kwa mikono miwili.

Jopo liliuliza kuhusu visima, chumvi, mitende inayokauka. Nidhal alijibu vizuri, akaona mikono ya Olfa ikichoka, taa ikishuka kidogo kidogo, naye akiiinua tena. Kisha mwanamama mwenye mvi akauliza, “Na kuna kitu kinachokufunga huko?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nidhal alitazama juu ya kamera.

“Ndi… ndiyo, madam. Yupo mtu. Mnaniona sasa kwa sababu yeye ameshika taa. Nikija, nitakuja nikiwa na mtu. Sitaki mnichukue mkidhani sina.”

Mwanamama akaandika kitu, uso hausomeki. “Asante,” alisema. “Tutakupigia.”

Kioo kikazimika. Olfa alishusha taa, akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

“Mjinga wewe. Umeharibu kazi.”

“Huenda.”

“Madam Saloua akisikia ataugua.”

“Mwache augue.” Nidhal alikaa kando yake. Wote walikuwa wamechoka mno hata wakashindwa kukumbatiana. “Olfa, nina swali la usaili. Wakinichukua au wasinichukue, utaolewa na mimi?”

Olfa alichezea ncha ya skafu.

“Asante,” alisema mwishowe, akiinuka. “Tutakupigia.”

Akatoka. Nidhal alibaki akiitazama taa. Simu ikatetemeka mfukoni. Aliipokea, akamsikia mara mbili, sikioni na nje ya mlango.

“Bwana Nidhal? Tunakupigia. Jopo limekubali. Njoo tukale, ini langu, lablabi inatungoja.”