Tutaoana Paa Likishazibwa

"Dervla mpenzi, tusogeze mbele kidogo tu."

"Tusogeze nini tena?"

"Harusi."

Nikaweka uma chini. Kwenye meza ile inayokaa watu thelathini tulikuwa watatu, wote na makoti mwilini, maana ndani ya jumba la Kilcorran kuna baridi kuliko nje. Lucius Tarrant, mchumba wangu, alikuwa anakatakata nyama ya kondoo ili asinitazame usoni. Mama yake, Bi Hester, alikuwa anamlisha mbwa kwenye sahani yenye nembo ya ukoo. Katikati ya meza, pale wenzetu wanapoweka maua, paliwekwa ndoo. Tone, tone, tone.

"Hii ni mara ya tatu, Lucius! Mama yangu ameshanunua kofia tatu!"

"Sasa nifanyeje? Bibi harusi wa Kilcorran lazima achezewe ngoma kwenye ukumbi mkubwa. Ndivyo ilivyo tangu babu wa babu yangu. Na ukumbi umejaa maji. Jana nimekuta bata humo."

"Bata!"

"Wawili," Bi Hester akadakia. "Wana adabu sana."

Ee Mungu, nipe subira. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Roscommon. Babu yangu alilima shamba la babu yao, na jumba hili alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. Nilipomwambia mama kwamba naolewa na Tarrant, alininunia wiki nzima, kisha akasema, "Haya, ila upite mlango wa mbele." Miaka mitatu sasa, na mlango wenyewe nauona hivi hivi.

"Fundi anasemaje?" nikauliza.

"Mossie? Hajaja."

"Umempigia simu?"

Lucius akanitazama kama nimemwambia avue suruali hapo mezani.

"Dervla! Baba yake Mossie ndiye aliyekuwa fundi wa paa hili, na babu yake kabla yake. Mtu wa namna hiyo humsumbui. Atakuja akipata nafasi."

"Miaka mitatu hajapata nafasi?"

"Labda ana kazi nyingi."

Basi ndio watu wa majumba makubwa hao, wenye ardhi wa enzi zile. Wamepona vita, wamepona moto, wamepona kuchukiwa na nchi nzima. Lakini kumpigia fundi simu kumuuliza mbona hujaja? Thubutu! Eti ni kukosa adabu.

Nikatoa simu yangu.

"Mezani hatupigi simu," Bi Hester akasema haraka.

Haraka mno. Nikaona na mkono wake umeganda juu ya kichwa cha mbwa. Nikabonyeza, nikaweka sauti wote wasikie.

"Mossie, Dervla Feehily hapa."

"Daktari! Yule ndama wangu uliyemtibu anakula kama hana akili nzuri!"

"Nashukuru kusikia. Mossie, paa la Kilcorran vipi?"

Akakohoa.

"Daktari, mimi mambo ya mapenzi ya watu huwa siingilii."

"Mapenzi gani? Nakuuliza paa."

"Nimekuja mara tatu, na ngazi na vigae. Kila nikija Bi Mkubwa ananipokea nje, ananipa chai, ananiambia harusi imevunjika. Eti umemkataa kijana, amelala ndani analia, nisimgongee nyundo juu ya kichwa."

"Na wewe ukaamini? Wiki iliyopita si nilikuwa zizini kwako? Mbona hukuniuliza?"

"Ningeanzaje kukuuliza, daktari? Ingekuwa kukosa adabu."

Nikakata simu. Jamani! Miaka yangu mitatu imeliwa na adabu.

"Mama?" Lucius akasema.

"Huyu mbwa anataka kutoka nje."

"Mbwa amelala, mama."

Bi Hester akanyoosha mgongo. Ni mwanamke wa kupanda farasi, hata akishikwa na aibu anakaa wima.

"Unaijua nyumba ya getini, Dervla?"

"Nyumba ya mjane. Nani asiyeijua?"

"Basi unajua na desturi yake. Siku mtoto anapooa, mama anahama jumba. Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu aliondoka asubuhi ile ile. Nilisimama dirishani na shela langu nikamwangalia akishuka na njia peke yake. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Krismasi haikumkuta hai." Akamvuta mbwa karibu. "Paa likizibwa mnaoana. Mkioana, na mimi nashuka. Siwezi. Nisamehe, lakini siwezi."

Nilitaka kumhurumia. Hasira zikawahi.

"Kwa hiyo ukaona bora mimi nizeeke!"

"Bado uko imara. Una mifupa mizuri."

"Mimi si farasi, Bi Hester! Na nani kakwambia nakitaka hicho chumba chako? Chenye uyoga ukutani? Mimi naamka alfajiri kuzalisha ng'ombe za watu. Nikirudi nataka maji ya moto! Nyumba ya getini ni kavu, ina jiko, madirisha yanafunga. Mimi naitaka ile! Mngeniuliza siku moja tu, hata mmoja wenu, ningewaambia. Kaa na jumba lako mpaka likuangukie!"

Aliyesema ni Lucius, na laiti angenyamaza.

"Lakini Dervla, haijawahi kutokea. Mwenye Kilcorran hakai getini. Watu wataonaje?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nikavua pete nikaiweka karibu na chumvi.

"Lucius, nakupenda. Nakupenda mpaka najichukia. Lakini siolewi na paa. Padri wangu na mchungaji wenu tumewapa Jumamosi hii, na sitawaambia kwamba imeahirishwa tena. Njoo kama mtu wa getini, au usije."

Nikaondoka, na mlango wa mbele niliubamiza nikitoka.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano mama akaniandikia: "Kofia ninayo mkononi. Niivae au nimgawie shangazi yako?" Sikumjibu. Ningemjibu nini? Usiku silali, mchana nawafokea watu na ng'ombe zao. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimemwekea mwanamume miaka mia tatu ya ukoo upande mmoja, mimi upande wa pili, nikamwambia achague.

Ijumaa nilikuwa kwenye zizi moja, mkono umeingia ndani ya ng'ombe mpaka begani, ndama amekaa vibaya. Simu ikalia mfukoni.

"Nikusomee?" mwenye ng'ombe akauliza.

"Soma."

Akavaa miwani. "'Dervla, jiko la getini linawashwaje? Najaribu tangu asubuhi. Nyumba nzima ni moshi. Kitanda nimeshakihamisha. L.'" Akanitazama. "Daktari, unalia?"

"Silii! Mwandikie afungue tundu la hewa, mpumbavu yule. Andika hivyo hivyo, mpumbavu."

"Niongeze kitu?"

"Ongeza nampenda. Haya, shika mkia!"

Tulioana Jumamosi kwenye mvua. Lucius alikuja na masizi sikioni, pete mfukoni, akaapa kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Ngoma tulicheza kwenye ukumbi wa parokia. Bi Hester alikuja na koti la manyoya linalonuka mbwa, akacheza na Mossie, na mimi akaniambia neno moja tu, "Hongera," kisha akapanda kwenye jumba lake.

Tukakaa wiki mbili kwa raha. Wiki mbili!

Jumapili, tunakula mchana, mlango ukagongwa. Nikafungua. Bi Hester, ameloa chapachapa, mto wake kwapani, mbwa wote wanne nyuma yake.

"Kumetokea nini? Paa limeanguka?"

"Paa liko palepale. Mossie anaanza kesho, nimempigia simu mwenyewe." Akajifuta mvua usoni. "Kule juu hakuna hata mtu wa kugombana naye."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Mume wangu akawa anavikagua viazi vyake kwa makini.

"Bi Hester, sisi ni maharusi."

"Najua. Sitasikiliza." Hakusogea. "Ila nataka jambo moja lieleweke, Dervla, na uwaambie watu wote. Hakuna aliyenifukuza. Hii njia nimeishuka mwenyewe."

Jamani, mimi nimechoka na ukoo huu.

"Mbwa hawapandi kitandani," nikasema, nikampokea mto.