Kaburi la Tegesha

Kwaruu, kwaruu. Gizani, kabla jogoo hajawika, Nyanjige alisikia mwiko ukikwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Mama yake, Justina, alikuwa ameshaamka. Nyanjige akajinyoosha, akakunja mkeka, akachukua ufagio na kutoka nje kama kila siku.

Uani alimkuta baba yake mdogo, Magese, akishusha mawe kutoka kwenye toroli. Alikuwa ameyapanga chini ya mwarobaini, fungu fupi na jembamba, na kwenye ncha moja ya fungu hilo amesimika msalaba wa mbao.

"Mwangaluka, baba mdogo."

"Mwangaluka. Njoo unishikie huu msalaba, unayumba."

Nyanjige akaushika. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, akaweza kusoma jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe: MABULA. Akauachia kama vile umemchoma.

Mabula alikuwa mdogo wake. Mwaka juzi mama alikwenda naye Bukundi kumsalimia bibi, na huko homa ikamshika. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikufika, na mtoto akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

"Lakini Mabula tulimzika Bukundi!"

"Punguza sauti." Magese akafuta jasho. "Serikali imetenga pesa za kujenga kiwanja cha ndege, si ndiyo? Nyumba hii na shamba lenu la pamba vimo ndani ya eneo. Leo mthamini anakuja kuvipima ili mlipwe. Kaburi nalo linalipwa. Ukiulizwa, sema hapa amelala mdogo wako."

"Na siku wakija kulihamisha? Watakuta nini?"

"Udongo. Kwani kitoto kile kingebakiza nini?"

Nyanjige alifagia ua wote, ila penye mawe hakupagusa.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Kisimani alimkuta rafiki yake Debora akipampu maji huku akicheka peke yake.

"Jana baba amepanda miembe," alisema Debora. "Imebanana kama mchicha! Mbuzi akiingia pale hata njia ya kutokea haoni."

"Hiyo ni tegesha," Nyanjige alisema. Hilo ndilo jina walilokipa kila kitu kilichopandwa au kujengwa harakaharaka ili tu kilipwe.

"Si kila mtu anategesha? Kwa kina Flora wamejenga nyumba haina hata mlango. Mtakatifu ni wewe peke yako?"

"Mthamini alisema kwenye mkutano, kaya ikikutwa na tegesha malipo yake yote yanasimamishwa. Sasa sisi tukibomolewa bila malipo tutalala wapi? Kwenye miembe yenu?"

Debora akacheka, kisha akashusha sauti. "Mwambie mama yako basi."

"Ameshaona. Anamwogopa shemeji yake. Tangu baba afariki, mambo yote ya nyumbani anaamua baba mdogo."

"Basi na wewe nyamaza."

"Sinyamazi," alisema Nyanjige, akajitwisha ndoo.

Mthamini alifika jua likiwa limepanda. Jina lake Danford, kijana mpole mwenye buti za vumbi, na nyuma yake walikuja mwenyekiti wa kitongoji na majirani. Akapima nyumba. Akapima shamba la pamba, akapiga picha mipapai. Kisha akasimama mbele ya mawe.

"Na hili?"

Magese akavua kofia. "Kaburi la mtoto wa marehemu kaka yangu. Uchungu wake bado mbichi, bwana."

Danford akamgeukia Justina. "Ni kweli, mama?"

Justina akainamisha kichwa, akaikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

Nyanjige akapita katikati ya watu, akang'oa msalaba na kuulaza pembeni. Akainua jiwe, akalitupa kwenye toroli. Ngaa! Akainua jingine.

"We mtoto, umerogwa?" Magese alifoka na kumkamata mkono. "Unabomoa kaburi la mdogo wako?"

Jiwe hakuliachia. "Nipige tu, baba mdogo. Nikimaliza kulia nitaendelea kuyatoa."

"Mwachie mwanangu, shemeji."

Watu wote wakageuka. Justina alikuwa amesogea, na mikononi naye ameshika jiwe.

"Nilinyamaza kwa sababu nakuheshimu, na kwa sababu naogopa," alisema. "Lakini mwanangu alikufa kwa kukosa njia ya kufika hospitali. Kiwanja hiki nimekiombea. Nimekubali kuacha nyumba yangu ili siku moja mtoto wa mwenzangu abebwe na ndege akatibiwe. Leo nichote pesa za kiwanja hichohicho kwa uongo, tena kwa jina la Mabula? Sitaki!" Akamtazama binti yake. "Nyanjige, na ninyi watoto wote mliopo hapa, sikieni. Haki yako idai bila kuona haya, hata kama ni mpapai mmoja. Ila usiichanganye na uongo. Ukitia uongo kidogo tu, hata ile haki yako ya kweli hakuna atakayeiamini."

Baba yake Debora, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akajiondoa taratibu kuelekea kwenye miembe yake.

Danford akasafisha koo. "Hapa sijaandika kitu bado. Nyumba, pamba na mipapai nimeviona kwa macho yangu, na hivyo ndivyo vitakavyolipwa. Lakini utaratibu unataka mtu wa familia atamke mbele ya mashahidi. Kuna kaburi au hakuna?"

Magese aliyatazama mawe ndani ya toroli. Akavaa kofia yake, akashusha pumzi. "Semeni ninyi," alisema kwa sauti ya chini.

Justina akaweka mkono kwenye bega la binti yake. "Sema, mayu, mwanangu."

Nyanjige akakung'uta vumbi mikononi, akainua kichwa, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa barabarani:

"Hapa hakuna kaburi."